Boga Changa Halinyooshewi Kidole

Nilipokuwa mtoto wa kung'oka meno ya mbele, nilihamisha kitongoji kizima kwa kidole kimoja. Watu wa Handeni mtanisamehe. Tangu hapo nimetembea nchi nyingi, nimelala kwenye hoteli ambazo taa inawaka ukipiga makofi, na bado nikiliona boga changa popote pale, mkono wangu wa kulia unaingia mfukoni wenyewe.

Baba alikuwa kibarua wa mkonge huko Korogwe, na mimi nililelewa Handeni kwa babu, Mzee Mhina, mkulima wa mahindi, mbaazi na maboga. Maboga ndiyo aliyoyapenda. Aliyapanda kwenye zizi la zamani nyuma ya nyumba, na kila asubuhi akimaliza kuswali aliyapitia moja moja, akiinua majani kama mtu anayefunua shuka kuona watoto wamelalaje.

Sheria ya pale ilikuwa moja: boga changa halinyooshewi kidole. Litaoza. Ukitaka kumwonyesha mtu, unakunja ngumi. Ukisahau, unaking'ata kidole hapo hapo, kabla boga halijajua.

"Na kama huna meno, bibi?" nilimwuliza bibi siku moja.

"Basi wewe usionyeshe kitu kabisa. Kaa na mapengo yako."

Ulikuwa wakati wa vijiji vya ujamaa. Watu waliotawanyika huko porini waliambiwa wasogee barabarani wakae pamoja, wapate shule, zahanati na bomba. Kwetu nilidhani ni maneno tu. Ndipo akaja bwana mmoja wa wilayani, na viatu na soksi, akanikuta peke yangu uani.

"Shikamoo."

"Marahaba. Shamba la mzee linaishia wapi, binti?"

Nikanyoosha kidole. Kilipita juu ya maboga yote, kikapita juu ya paa letu, kikaishia kwenye nyumba za majirani. Nilikumbuka mara moja. Lakini niliona haya kung'ata kidole mbele ya mtu aliyevaa soksi. Maisha yangu yote nimeponzwa na haya ya namna hiyo.

Haikupita wiki, maboga yakaanza kugeuka njano na kulainika kitako. Wiki iliyofuata balozi wetu wa nyumba kumi akapita akitangaza: kabla ya mvua, kila mtu awe amehamia barabarani. Bibi aliketi chini palepale aliposimama, ungo mikononi. Pale ndipo alipowazaa wanawe wote, na wawili aliwazika hatua chache kutoka jikoni.

Hesabu ile haikuhitaji shule. Nikakifunga kidole kitambaa, nikala ugali kwa vidole vilivyobaki, nikanyamaza. Sikuogopa kiboko. Niliogopa babu akijua ataacha kuniita mchumba.

Siku ya kuhama babu aling'oa mlango wa nyumba, maana mbao ni mbao, akaulaza chini, akakaa juu yake kupumzika. Akaniita nikae naye.

"Mchumba, hicho kidole kina nini siku zote hizi?"

Nililia kwanza, ndipo nikamwambia: maboga, soksi, kila kitu. Babu hakucheka, na alikuwa mtu wa kucheka. Alikifungua kitambaa taratibu, akakitazama kidole kama anayetafuta mwiba.

"Sikiliza. Yule bwana hakuja kuuliza, alikuja kupima. Mambo yalishakwisha mkutanoni. Waliuliza nani anakubali kuhama, watu wote wakatazama chini. Aliyenyoosha mkono wa kwanza ni mimi. Wewe kidole kimoja, mimi mkono mzima."

"Kwa nini, babu?"

"Nilitaka usome." Akafikiri kidogo. "Na bibi yako asizeekee kwenye njia ya korongoni na ndoo kichwani. Lakini usimwambie. Anadhani tumelazimishwa, na hasira ya kulazimishwa inabebeka."

"Na maboga je?"

"Yameingia funza, basi." Akaangalia huku na huku, akashusha sauti. "Ila ungeking'ata, tusingekuwa na wasiwasi."

Shule nikaipata, nayo ndiyo iliyonifikisha kwenye hizo hoteli. Babu alijenga barabarani, akautia mlango ule ule, lakini miaka yote iliyombakia alitoka alfajiri kwa miguu kwenda kulima mahame yake, kule tulikohama, akarudi jioni na boga begani, akisema udongo wa barabarani hauna adabu. Watu walimtania kwamba ana mke mdogo kule. Hakukanusha.

Alipofariki nilikuwa mbali. Niliwahi arobaini tu, nikikokota sanduku lenye magurudumu ambayo mchanga wa kwetu haukuyatambua. Jioni ile tulibaki wawili jikoni, mimi na bibi, tukichambua mchele. Nikaona hakuna tena wa kumfichia siri. Nikamsimulia habari za mkutano.

Hakuinua uso kutoka kwenye ungo.

"Nilikuwa napita na ndoo yangu, mjukuu wangu, nikasimama nyuma ya watu. Mkono niliuona. Nilikuwa nangoja aniambie."

Akaendelea kuokota mawe kwenye mchele.

Nyumba moja, kitanda kimoja, miaka yote ile, na neno lile halikusemwa. Mtu pekee aliyewahi kuambiwa alikuwa mtoto mwenye mapengo. Natamani nimpate mzee yule hata kwa dakika tano, nimwulize kama lilimwuma. Siku ile ya kuhama sikuuliza. Nilichosikia ni kwamba kosa si langu, nikainuka kwa furaha nikakimbia kucheza, nikamwacha amekaa pale peke yake.