Ng'ombe Juu ya Tuta

Juzi nilipita Turwa nikakuta mtambo unashindilia barabara, unakwenda na kurudi, nikacheka peke yangu. Nilikumbuka ng'ombe wetu.

Nilikuwa bado mtoto mdogo, na wanaume wa kijiji walikuwa wamekwenda Nyamongo kuchimba dhahabu. Bwawa la kuzuia mafuriko likabaki mikononi mwa akina mama. Tuta lake lilikuwa limeshainuliwa, lakini udongo ulikuwa laini, mguu unazama, na ngurumo zilisikika upande wa Machochwe.

"Fungueni mazizi," mama akasema.

"Wenye ng'ombe hawapo," jirani akamkumbusha.

"Na mvua nayo itawasubiri?"

Ng'ombe wa kijiji kizima wakapandishwa tutani, wakakanyaga huku na huku. Harufu ya samadi ilichanganyika na ya udongo mbichi, akina mama wakapiga vigelegele. Mimi nikaangua kilio. Kwa akili yangu, ng'ombe wengi na vigelegele maana yake ilikuwa mahari, basi dada yangu Bhoke alikuwa anaolewa. Nikamng'ang'ania gauni.

"Usiende!"

"Niende wapi? Hebu swaga hao ndama!"

Mvua ilitukuta palepale. Maji yakaja mekundu, yakagonga tuta, yakapanda, yakatulia. Mahindi yetu huko chini hayakuguswa.

Baba alirudi na matope mpaka masikioni, dhahabu hana. Akalipiga tuta kwa kisigino. Lilikuwa gumu kama sakafu.

"Nani amepandisha ng'ombe wangu hapa?"

"Mimi," mama akajibu.

Baba akayatazama mahindi. "Umefanya vizuri," akasema.

Vigelegele vikaanza upya, na safari hii vya kwangu vilisikika kuliko vyote.