Macho ya Mama Elkana Hayakuwa na Kosa

Mellen Nyakerario hakuwa kipofu. Nalisema hili mapema kwa sababu mwaka ule wa tisini na saba walimu wakuu arobaini na watatu, kutoka Macalder hadi Sori, walipokea barua iliyosema karibu hivyo, na wapo ambao mpaka leo wanaamini. Kwa hiyo nisikilizeni, niwaambie ilivyokuwa.

Alikuwa mchapaji. Miaka ishirini na sita alikaa mbele ya taipu ya chuma katika kituo cha chama cha walimu wakuu hapa Migori mjini, akikata stensili za mitihani ya majaribio ya darasa la nane. Walimu walimletea maswali ya mkono, mengine juu ya karatasi ya kufungia sukari, naye akayatoa yakiwa safi. Tena hakuchapa tu. Akiona swali limepinda, aliliwekea alama ya penseli pembeni. Watu walimwita Mama Elkana, na mwalimu aliyerudishiwa karatasi na Mama Elkana bila alama ya penseli alikwenda nyumbani akalala usingizi.

Ikaja kompyuta. Fundi wake, Tony, alitoka nayo Kisumu, akaipanga kwenye meza ya chumba cha ndani: kisanduku chini, skrini juu yake, nyuma kabisa karibu na ukuta. Akachora chaki kuizunguka, akafundisha siku mbili, akaondoka. Mkurugenzi wa kituo, mwalimu Kerosi, akaongeza sheria zake mwenyewe. Viatu vibaki mlangoni. Skrini ifunikwe kitambaa cha kufuma kila jioni. Na isisogezwe hata unene wa ukucha. Kila asubuhi aliinama kukagua kama chaki iko sawa. Ungedhani wameletewa sanduku la agano.

Sasa, mtu akipita hamsini macho huanza kukataa vitu vya karibu. Hilo ni umri, kama mvi, wala si ugonjwa. Mama Elkana alikuwa na hamsini na tatu, na miwani alikuwa nayo, ile yenye sehemu mbili: juu ya kutazama mbali, chini ya kusomea. Alipimwa na daktari wa macho aliyepiga kambi Oyugis. Kwa karatasi iliyolala kando ya taipu, sehemu ya chini ilimtosha kabisa. Lakini skrini ile ilikuwa juu, tena mbali. Akitazama kwa sehemu ya juu, herufi zilikuwa ukungu. Ili sehemu ya chini ifike kule, ilibidi ainue kidevu kama kuku anayemeza maji, na bado herufi zilikuwa mbali mno. Nyuma yake kulikuwa na dirisha lisilo na pazia, basi kufika saa nne alichokiona kwenye kioo ni kitambaa chake cha kichwa na ndizi za jirani. Jioni shingo ilimuuma, macho yakamwasha.

Aliomba. "Mwalimu, tuishushe kidogo. Tuisogeze."

"Fundi ameshaiweka. Wewe unajua kushinda fundi?"

Mwezi wa saba mwalimu wa hesabu akaleta swali la pembetatu, la kumi na saba. Pembe ya kwanza nyuzi 83, ya pili 97, tafuta ya tatu. Nakala ya kwanza ilipotoka, akaona kosa lake mwenyewe: hizo mbili zinafika mia na themanini tayari, ya tatu haina mahali pa kukaa. Akaandika kwa kalamu nyekundu: iwe 33. Mama Elkana akafungua mtihani kwenye kompyuta, akainua kidevu, akaona 33. Akadhani Mourine, msichana aliyeajiriwa kutoka chuo, amekwisha kurekebisha. Akaendelea na kazi nyingine.

Ilikuwa bado 83. Mtihani ukaenda hivyo hivyo kwenye shule zote, na watoto wa watu wakakaa wakitafuta pembe ambayo haipo. Wengine walitoka wakilia.

Kerosi hakumuuliza kitu. Aliandika kwanza barua kwa walimu wakuu wote kwamba kosa limetokana na macho ya mchapaji kuzeeka, na chama kina mpango wa kumpumzisha mwisho wa mwezi. Barua zilipokwisha kuondoka, ndipo akamwita.

"Omong'ina," alianza. Kwetu Ugusii hilo ni neno la heshima kwa mama mzee, lakini hawa walipishana miaka mitatu tu, na hakuwahi kumwita hivyo kabla. "Umefanya kazi, Mungu anaona. Sasa achia watoto."

"Mwalimu, nilikuomba mara ngapi tusogeze hii kitu?"

"Mashine haina makosa."

"Sijasema mashine. Nasema pale ilipowekwa."

"Mourine si anakaa kiti hicho hicho? Si anaona? Sasa kosa ni la nani?" Akafungua drowa, akaifunga tena. "Ijumaa ya mwisho tutakufanyia chai. Hata blanketi limeshanunuliwa."

Limeshanunuliwa! Yaani walimpimia mama blanketi kabla ya kumpimia meza.

Mama Elkana ni Msabato. Jumamosi, wenzake walipofanya kazi nusu siku, yeye alikuwa kanisani, na kwa mapatano ya zamani alikuwa na ufunguo wa kufidia saa hizo Jumapili. Jumapili ile alifungua, akaenda kwenye taipu yake iliyosukumwa pembeni, akaweka karatasi kando yake kama siku zote. Akachukua rula ya ubaoni, akapima kutoka kwenye miwani hadi kwenye karatasi. Futi moja na nusu. Akaenda kwenye kompyuta, akapima. Futi tatu kasoro inchi mbili.

"Kumbe!" alisema kwa sauti, peke yake chumbani.

Hapo ndipo hasira ilipompanda. Kabla ya hapo, na hili ndilo linalouma zaidi, alikuwa ameanza kuwaamini.

Alijifunga leso kiunoni. Aligeuza meza mpaka dirisha likawa ubavuni. Akaiteremsha skrini kutoka juu ya kisanduku, nzito kama debe la mahindi, akaiweka mezani moja kwa moja, chini ya usawa wa macho, akaivuta hadi rula ikasema futi moja na nusu. Akazungusha kitufe cha mwanga mpaka weupe ukaacha kumchoma. Kisha akakuza herufi. Tony alikuwa amewaonyesha namna ya kuzikuza, lakini Kerosi alikataza, eti zitatoka kubwa kwenye karatasi na kumaliza wino. Akachapisha ukurasa mmoja. Herufi zilitoka ndogo kama kawaida.

Akafungua swali la kumi na saba. 83 ikamkodolea macho bila aibu.

Akafanya kazi mpaka saa tisa, kila akimaliza ukurasa akitazama nje vilima vya mbali ili macho yapumue. Shingo haikumuuma.

Jumatatu Mourine ndiye aliyetangulia kufika. "Ai yawa, Mama Elkana! Chaki iko wapi?"

"Nimefuta na leso."

"Mwalimu atakuua leo."

"Akiniua, barua ya rambirambi atachapiwa na nani?"

Kerosi aliingia, akasimama, viatu mkononi. "Nani amegusa?"

"Mimi."

"Nani amekupa ruhusa?"

"Miaka ishirini na sita."

"Nampigia Tony sasa hivi!" Akampigia kweli. Simu ya kituo ilikuwa na sauti ya kipaza, hata Mourine mlangoni alisikia fundi akicheka.

"Ile chaki, mwalimu? Niliweka ili anayefagia asisukume skrini ikaanguka. Iwekeni popote mnapoona vizuri. Nani alisema isiguswe?"

Kerosi akaweka simu chini. "Laini ni mbaya," alisema.

Mama Elkana alikuwa amekwisha kutoa karatasi kwenye faili. "Hii ni nakala ya mwisho ya hesabu. Mtihani hautoki hapa mpaka wewe uusome utie sahihi. Hii sahihi ni ya nani?"

"Nilikuwa na kazi nyingi."

"Mimi nilikosea, sikatai. Niliona tatu penye nane, kwa sababu mliniweka mbali. Wewe ulishika karatasi mkononi. Uliona nini?"

Mkurugenzi akatazama dirishani.

"Blanketi liweke. Nitalichukua nikifika hamsini na tano, kama sheria inavyosema. Leo nataka barua, kwa walimu wakuu wale wale."

"Sawa, sawa. Andika kwamba kasoro imerekebishwa."

"Kasoro ya nani? Macho yangu uliyataja, mwalimu. Yataje tena."

Akakaa, akasubiri, vidole juu ya vitufe. Kerosi alizunguka chumba mara mbili akiwa na soksi, kisha akaanza kusema, naye akachapa. Printa ikapiga kelele, karatasi ikatoka. Kerosi akaishika kwa mkono ulionyooka kabisa, akairudisha karibu, akainyoosha tena. Akatoa kalamu.

"Umesoma?"

"Nimesoma."

"Mstari wa tatu unasemaje?"

Mourine akainamia vidole vyake vya miguu. Mama Elkana akasimama, akakivuta kiti nje. "Kaa hapa. Hutatia sahihi mpaka usome."

"Mimi si mchapaji."

"Kaa, mwalimu."

Akakaa. Mama Elkana akazikuza herufi zaidi, akairudisha skrini nyuma kidogo, kwa kuwa mwenzake hakuwa na miwani, akamuuliza kama hapo anaona. Kerosi akatikisa kichwa kukubali. Akaanza kusoma kwa sauti, polepole kama mtoto wa darasa la pili.

"'Macho ya mchapaji... hayakuwa na kosa. Skrini iliwekwa... juu na mbali. Mkurugenzi alitia sahihi bila...'"

"Endelea," alisema Mama Elkana.

"'...bila kusoma. Mchapaji anaendelea na kazi.'"

"Sasa tia sahihi."