Mkwe wa Malkia

Jina lake nililijua mwishoni kabisa. Siku ya kwanza alikuwa mtu tu mwenye bisibisi. Aliingia kwenye chumba changu cha gemu pale Mfaranyaki, Songea, akanikuta nimeshika pedi mbili za kuchezea zilizokufa, nazitikisa karibu na sikio kana kwamba zitaniambia zinaumwa wapi. Alizichukua, akazifungua, akapuliza vumbi, akakwangua waya kwa ukucha, akanirudishia. Zikawaka.

"Nikupe nini?" nikamuuliza.

"Kiti."

"Kiti?"

"Kile cha mwisho, kinachogusa ukuta. Nitatengeneza kila kitakachoharibika humu. Wewe niachie kile kiti, nicheze, na nikiondoka nipitie mlango wa nyuma."

Mimi nilianza na mahindi ya Namtumbo, nikaja kwenye mabati, nikaja kwenye mitumba, ndipo nikafungua gemu. Mtu akiuza chini ya thamani, najua kuna mawe chini ya gunia. Nilimpekua kwa macho. Mwanaume wa makamo, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi, kovu limepita shavuni likazama kwenye ndevu. Lakini kiti cha plastiki hakiwezi kunifilisi, na mlango wa nyuma unatokea uchochoroni, hakuna cha kuiba huko. Nikampa mkono. Niliona nimempunja, na roho yangu ilitulia.

Kwenye chumba cha gemu watu hawaulizani majina. Mtu ni lile alilojiandika kwenye skrini. Huyu hakujiandika kitu, ila baada ya wiki chache kila mtu alimwita Mchambuzi, kama wale wa mpira redioni, kwa sababu akifungua mdomo watu wanaacha kucheza.

Alicheza gemu moja tu, lile ambalo wateja wangu walilibatiza Ufalme wa Ukungu. Si gemu la mpira wala la kupigana ngumi. Ni la hadithi. Unachukua mhusika wako, unamvisha, unampa silaha, unazunguka naye nchi nzima ukiongea na watu, na unavyowajibu ndivyo hadithi inavyogeuka. Ndani yake kuna mwanaume aliyevaa barakoa ya chuma, haivui hata akiwa anakunywa maji. Watengenezaji hawajasema ni nani. Basi dunia nzima inabishana kwenye mitandao. Nasrin, binti wa chuoni anayekisoma Kiingereza kama maji, alikuwa anatusomea: wengi wanasema Bwana Chuma ni kaka wa Malkia, wengine wanasema ni mfalme aliyedhaniwa amekufa.

"Wote wanatazama barakoa," Mchambuzi alisema siku moja. "Barakoa imewekwa ili uitazame. Tazama miguu. Anasimama wapi, anakwepa nini, anakula na nani."

"Kaka, wewe ungekuwa polisi," Nasrin alimtania.

"Ningekuwa polisi ningekukamata wewe kwa kukaa saa mbili ukilipia moja."

Watu walicheka, nami nikamtazama Nasrin vizuri zaidi kuanzia siku ile. Chumba kilijaa. Walikuja hadi wa mitaa ya Bombambili na Lizaboni, wengine hawachezi, wanataka tu kumsikia akiwafunua watu wa gemu mmoja mmoja: mchuuzi huyu ni jasusi, mtawa yule ni askari mtoro. Mara nyingi sehemu mpya ikitoka anakuwa amepatia. Nikaongeza benchi.

Sasa nimseme Mama Natalia, kwa sababu bila yeye hakuna hadithi. Ukuta ule wa kiti cha mwisho, upande wa pili ni mgahawa wake. Ni mama wa Kingoni kutoka Hanga, Mkatoliki wa kukaa benchi la mbele, na samaki wake mbasa wa kukaanga anaweza kumpatanisha mtu na adui yake. Miaka ya nyuma mkwewe, mume wa binti yake Natalia, alikwenda kuchimba mawe ya thamani upande wa Msumbiji pamoja na Aidan, mtoto pekee wa kiume wa mama huyu. Habari zikaja kwamba shimo limeporomoka na wote wamebaki chini. Msiba ukawekwa bila maiti. Natalia akavaa nyeusi, akavua, akapata kazi kwenye kahawa huko Mbinga.

Halafu akatokea Mwalimu Valence, mgeni wa kutoka Bukoba, akampenda Natalia na akataka kufunga ndoa kanisani. Na mshenga wake alikuwa nani? Mimi hapa. Songea nzima inajua nikikaa kwenye mkeka wa kupatana siinuki mikono mitupu. Ugumu haukuwa mahari. Ugumu ulikuwa kanisa, maana mjane asiye na kaburi la kuonyesha si mjane bado. Tulihangaika na mashahidi mpaka parokia ikaridhika kwamba yule mume, Kassian, hayuko duniani. Tangazo la kwanza la ndoa likasomwa kanisani, la pili likasomwa. Jumapili ya tatu ikipita salama, ni harusi, na kitambaa cha suti yangu ya ushenga kilikuwa kimeshakatwa.

Jumamosi ya kuamkia tangazo hilo, chumba changu kilikuwa kimejaa mpaka mlangoni. Sehemu mpya ya gemu ilikuwa inatoka wiki inayofuata, na Mchambuzi alikuwa ameahidi kusema Bwana Chuma ni nani.

"Tazameni," alisema, akirudia kipande kile kile kwenye skrini. "Malkia anakula, huyu amesimama nje. Malkia anapita darajani, huyu anashuka darajani, anageukia mtoni. Malkia akimpa kikombe, anakiweka chini, ndipo huyu anakiokota. Na tangu mwanzo hajamtaja jina. Anasema 'yule mkubwa'. Huyu si kaka. Kaka anakula na dada yake. Si mume. Huyu ni mkwe. Ni mume wa yule binti wa Malkia, yule tunayeambiwa aliachwa."

Pedi zikawekwa chini. Wale wa hapa walielewa palepale. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawatajani, na wakikutana njiani mmoja anapisha na kugeuka. Mimi mwenyewe nimeoa miaka yote hii, ukiniuliza pua ya mama mkwe wangu ikoje nitakudanganya.

Nasrin ndiye aliyedakia. "Kaka Mchambuzi, jamani! Hao Wazungu waliotengeneza gemu walioa Peramiho?"

Chumba kikalipuka kwa kicheko. Lakini Mchambuzi hakucheka. Aliweka pedi chini, akashusha kofia, akaelekea mlango wa nyuma. Nikamfuata nimpongeze, maana vichwa vile vyote vilikuwa faida yangu.

Sasa kwa sababu mbele kulijaa, Mama Natalia alikuwa ameamua kuniletea chakula changu kwa kupitia uchochoroni. Alisukuma mlango wa nyuma na sahani mkononi wakati Mchambuzi anaufikia. Pale kuna korido nyembamba, watu wawili hawapishani.

Nitaeleza nilichoona kama nilivyokiona. Mchambuzi aliruka pembeni, akageukia ukuta, akajikunyata kama mtoto aliyevunja chungu. Na Mama Natalia, kabla hajajua anafanya nini, alichuchumaa, akaweka sahani yangu chini sakafuni, akageuza uso, akavuta kanga ikafunika macho. Mwili wake ulifanya peke yake. Halafu akili ikaufikia mwili. Niliona anaikaza kanga usoni kwa mikono yote miwili, kwa sababu duniani kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye aliwahi kumwekea chakula chini.

"Baba Edna," aliniita, uso kwenye uchochoro. Sauti haikuwa yake. "Muulize huyo mtu kwao wapi."

"Mama, si anasikia?"

"Muulize!"

Nikamuuliza. Akaujibu ukuta, "Mwambie Hanga."

"Anasema Hanga."

"Muulize alioa kwa nani."

Ndani mtu alipiga kelele kwamba skrini imegoma. Hakuna aliyejali.

"Mwambie," alisema yule mtu, "nilioa kwake."

Nikashika fremu ya mlango. Kassian. Marehemu Kassian, niliyempeleka parokiani na mashahidi juu, nimemweka kwenye kiti changu cha plastiki tangu masika! Na mama huyu amepita mbele yake siku ngapi sijui, asimtambue, kwa kuwa katika ndoa yote ile hakuwahi kumtazama usoni. Kassian ndiye aliyemtambua mama kwa sauti, kupitia ukuta. Ndiyo maana ya kile kiti.

"Muulize Aidan yuko wapi."

"Mwambie mimi walinifukua hai, yeye nilimzika kwa mikono yangu. Nyuma ya kanisa dogo la wachimbaji. Msalaba nilichomelea mwenyewe, wa mabomba."

Nilirudisha maneno hayo nikiwa nimesimama kati ya migongo miwili, kila mmoja naweza kumgusa.

"Kwa nini hakurudi? Muulize!"

"Mwambie mimi ndiye niliyemshawishi Aidan twende. Na yeye alinitumia salamu siku tunaondoka, akasema nirudi na mwanawe. Nimekuja mpaka mlangoni kwake. Kila siku nasema leo. Ningeingia na mdomo gani?"

Mama Natalia hakulia. Ilikuwa mbaya zaidi ya kulia, alikuwa anapumua kama mtu aliyebeba kitu kizito na hajui atakitua wapi. Na mimi, mshtuko ulipopungua kidogo, kichwa changu kilianza kazi kinayoijua. Tangazo la kesho. Valence. Suti.

"Mama," nilisema taratibu, "hebu tuongee kama watu wazima. Wewe umeona mgongo. Kwa haki hujamwona mtu. Kaburi umeambiwa liliko. Huyu akiondoka leo kwenda Nakapanya au popote, kesho tangazo linasomwa na Natalia anapata nyumba."

"Mwambie naondoka sasa hivi," Kassian aliuambia ukuta, bila hata kungoja nimgeukie.

Sijawahi kufunga mapatano haraka namna ile. Kila upande unapata, hakuna anayelipa. Nilikuwa nimeshaanza kupumua.

Mama Natalia akachuchumaa, akaokota sahani. Mbasa wangu alikuwa ameshaingia vumbi.

"Baba Edna, hilo kaburi nani atanionyesha? Nitazunguka Msumbiji nikiulizia mabomba?" Akakung'uta vumbi la sahani. "Na kesho Padri akiuliza kama kuna mwenye kujua kizuizi, nitakaa pale mbele nameza mate, halafu niinuke nikapange foleni ya komunyo? Mimi?"

"Mama, fikiria binti yako."

"Ninamfikiria. Ataishi akiwa mke wa wanaume wawili bila kujua, na mimi najua." Akavuta kanga. "Mwambie akakae barazani kwangu. Si ndani. Barazani, watu wamwone. Natalia anakuja na gari la mchana."

Natalia alimkuta amekaa pale, kofia magotini. Yeye ndiye pekee aliyekuwa na haki ya kumtazama, na alimtazama mpaka wateja wa mgahawa waliacha kutafuna. Nilidhani atapiga kelele au ataanguka. Alisema, "Niliuza nguo zako." Kisha akamuuliza habari za Aidan, zote, tangu shimo mpaka msalaba. Halafu akainuka kwenda kwa Valence.

"Nikusindikize," nilimwambia, kama mshenga.

"Baki, Baba Edna. Umeshasindikiza vya kutosha."

Tangazo la tatu halikusomwa. Valence aliomba uhamisho, na kazi yangu ya mwisho ya ushenga ilikuwa kumrudishia blanketi la mama mkwe na jembe, alivyotoa kwenye mahari, nikitembea navyo mchana kweupe barabara ya Mfaranyaki, watu wakiniuliza kama nimefungua duka la vyombo. Kanisani Natalia bado ni mke wa Kassian. Nyumbani alimwambia, "Sikufukuzi, sikuchukui," akarudi Mbinga kwenye kahawa yake. Harusi hakuipata, na ujane aliokuwa ameshauzoea ameupoteza.

Mama Natalia alilipata kaburi. Walikwenda wote wawili kupitia Tunduru, Kassian mbele na dereva, mama kiti cha nyuma kabisa, na dereva ndiye aliyekuwa anafikisha maneno. Mama alirudi na udongo wa kaburi kwenye kitambaa cheupe, wakauzika Hanga, na padri akasoma misa yenye jina la Aidan. Tangu hapo mama huyo anatembea kama mtu aliyetua mzigo, ingawa mimi hanisamehe ule ushauri wangu. Chakula naletewa na msichana wa kazi, na vipande vya samaki vimepungua.

Kassian yuko Nakapanya, anatengeneza sola na redio. Nasikia havai kofia tena.

Sehemu mpya ya gemu ilitoka. Bwana Chuma akavua barakoa, na alikuwa kaka wa Malkia, kama dunia nzima ilivyosema. Nasrin alipiga kofi mezani. "Mchambuzi kakosea! Kakosea vibaya!" Halafu akatazama kile kiti, akaizima skrini.

Wateja wamerudi kuwa wale wale wa mpira. Ushenga hakuna aliyeniletea tena. Zile pedi mbili za kwanza bado zinawaka. Nyingine ziko kwenye boksi, zinangoja fundi, na mafundi wote wanaokuja wanataka pesa.