Fundi Koki Apotea Angani

Fundi Koki alikuwa ameziba mabomba ya nusu ya mji, akaingia kwenye mashimo ambayo hata panya huyafikiria mara mbili, lakini hakuna kilichowahi kumtoa jasho kama kile kioo kikubwa alichoketishwa mbele yake asubuhi ile. Mkononi alipewa padi ya kuchezea yenye vitufe vingi kuliko akili ya aliyeivumbua. Akaishika kama mtu aliyebebeshwa kichanga cha wenyewe.

Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la viatu: vijana wanne, feni inayolalamika, na nyaya zimetambaa sakafuni mpaka mgeni anatembea kama jogoo kwenye matope. Kitindamimba wa kike wa Koki alifanya kazi hapo, kutengeneza gemu. Majirani wakimuuliza Koki binti anafanya nini, husema "mambo ya kompyuta," kisha huulizia afya ya mtu haraka kabla swali la pili halijafika.

Gemu waliyokuwa wakiitengeneza ilikuwa ya mchezaji mmoja. Mwanaanga amebaki peke yake ndani ya chombo kilichoharibika angani, maroboti yameasi, naye anatafuta njia ya kurudi nyumbani. Shida ni kwamba gemu ilikuwa imenenepa kupita kiasi, na lazima kitu kikatwe. Mkuu wa ofisi, kijana aliyeitwa Profesa kwa sababu alikimbia chuo, aliamua atafutwe mtu asiyejua lolote, acheze, ataje uzuri na ubaya. Atakachokilaumu, hicho kitakatwa. Binti akamleta baba yake. Asiyejua lolote alikuwa naye nyumbani, atafute wa nini?

Sharti lilikuwa moja: baba asiambiwe kazi ya binti ni ipi. Sisi tunaweza kuambiana. Ndani ya chombo kulikuwa na sauti ya mwanamke iliyomwelekeza mwanaanga, na kila neno la sauti ile binti aliliandika yeye. Ikikatwa, naye hana cha kufanya pale.

Koki alijua tu kwamba humo ndani kuna kitu cha mwanawe, na asije akakitukana. Basi akaanza kusifu kila kitu, kama mgeni kwenye nyumba mpya.

"Nyota nzuri. Nani kaziweka?"

"Hatusemi, mzee," alisema Profesa.

"Ukuta nao umenyooka."

"Umeacha mlango wazi," ilisema sauti kutoka ndani ya chombo. Koki akarudi, akaufunga. "Uko wapi saa hizi?"

"Nipo hapa kwenye korido," Koki akajibu kwa kinywa chake mwenyewe. Vijana wakatazamana.

Roboti likatokea. Koki alitafuta kitufe cha bunduki, akapata cha kuruka. Akarukaruka mbele ya adui kama anayeomba radhi kwa miguu. Roboti halikukubali. Kufumba na kufumbua, mwanaanga alikuwa amesimama tena mwanzo wa korido.

"Nimekufa?"

"Umekufa, mzee."

"Na huyu ni nani?"

"Ni wewe."

"Yule aliyekufa?"

Profesa akamwonyesha kwa kidole aendelee kucheza.

"Nilikuambia pita kushoto," ilisema sauti. "Husikii wewe."

"Nimesikia," Koki akanung'unika, akaenda kushoto.

Hivyo ndivyo walivyoendelea, yeye akinuna na kufuata, akifa na kufufuka, mpaka Profesa akasema inatosha, sasa tupe uzuri na ubaya.

Koki akajikuna kidevu. Uzuri alikuwa nao: bunduki, alipokipata hatimaye kitufe chake, ililia kwa heshima. Hatua za mwanaanga zilikuwa nzito mpaka goti lako linahisi. Na pale dirishani, ukiiona dunia ndogo kama kidonge, moyo unasimama kidogo.

"Na ubaya?"

"Ubaya ni huyo mama," alisema Koki, akifurahi kwamba hatimaye ana uhakika na jambo moja. "Mdomo haufungwi. Mlango, kushoto, uko wapi. Mnyamazisheni."

Binti akaanza kuitazama feni kana kwamba ameiona leo.

Profesa akabonyeza kitu. "Haya, cheza bila yeye tuone."

Mwanaanga akasimama mwanzo wa korido. Akaendelea kusimama. Roboti likaja taratibu, likamwangusha, naye hakuinua hata kidole.

"Mzee, ulikuwa unangoja nini?"

"Aniambie."

"Si umesema anyamazishwe?"

"Nimesema."

"Sasa?"

Koki alikitazama kioo, akaitazama padi. Hata yeye hakujielewa. "Kulalamika ni kulalamika tu, mwanangu. Sikusema asiwepo. Mle ndani kuna giza, halafu kimya. Mtu anaenda wapi?"

Profesa alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Basi abaki. Ubaya mwingine?"

"Korido. Ndefu bure."

Korido aliijenga Profesa mwenyewe. Lakini ahadi ni ahadi, akaikata.

Kwenye ngazi, wakishuka kwenda barabarani, Koki alimshika binti mkono. "Sasa kazi yako ilikuwa ipi? Nyota?"

"Yule mama, baba."

Koki alisimama, mguu mmoja hewani. "Maneno yale umeyatoa wapi?"

"Nyumbani."

Fundi akashuka ngazi mbili akiwaza. Akasimama tena. "Na yule mwanaanga asiyesikia?"

Binti alikuwa akiuma midomo asicheke.

"Usimwambie mama yako niliyosema."

"Yapi? Kwamba anyamazishwe, au kwamba ulikufa ukimngoja?"

Koki alipima lipi kati ya hayo lina hatari ndogo. Mpaka wanafika barabarani, bado alikuwa akipima.