Semina ya Wasiojua Kiswahili

Naomba mnicheke taratibu. Mimi ni binti wa muuza vitambaa wa Jinja, na nyumbani kwetu tunagombana na kupatana kwa Kiswahili. Mwezi uliopita nilianza chuo Mbale, tukaambiwa kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ajiandikishe kwenye semina moja. Zote zilinitisha, isipokuwa Kiswahili cha Wanaoanza. Hapo nikaona alama za bure.

Sharti lilikuwa moja tu: uwe hujui Kiswahili. Nafasi zilikuwa zinaisha, basi nikajaza fomu mbiombio, nikaeleza shida yangu kwa ufasaha, nikamkabidhi mwalimu wa semina, Mwalimu Nambozo.

Siku ya kwanza nilikaa mbele, uso kama wa mtu aliyepotea stendi. Mwalimu aliposema, "Habari zenu?" nilimgeukia jirani yangu Wafula nikamnong'oneza kwa Kiingereza, "Anasemaje?" Maskini Wafula akanihurumia, akaniahidi kwamba tutasaidiana.

Mwalimu akainua karatasi. "Zahara wa Jinja ni nani?"

Nikanyoosha mkono kwa unyenyekevu.

Akasoma kwa sauti: "Mwalimu wangu mpendwa, Kiswahili kimenipiga chenga tangu utotoni, sijui hata neno moja, hivyo nakusihi unipokee."

Fomu ilikuwa ya Kiingereza, lakini kwa haraka ile mkono wangu uliandika lugha ya nyumbani. Wenzangu walikuwa wakitazamana tu, hawajaelewa kitu.

Mwalimu akanikabidhi karatasi, akatabasamu.

"Simama, Zahara. Watafsirie wenzako."