"Usivute hicho, Mzee, cha kupima ni kile!"

Nimeambiwa hivyo leo hapa Masasi, kwenye darasa jipya la wajukuu zetu. Mimi ni wa kamati ya ujenzi.

Nieleze kidogo. Ukuta ule una tabaka mbili za tofali, zinazoshikanishwa na vyuma vyembamba vilivyozikwa kwenye saruji. Kuvipima ni kuvivuta.

Fundi amenipa shikamoo nzuri, akanipeleka kwenye chuma cha mlangoni. Nikafunga kamba, nikavuta. Hakikutikisika.

Nikashika cha jirani. Ndipo akapiga kelele.

Kimetoka kwa vidole, kama karanga shambani!

"Baba Zuhura, hicho hatukukiandaa," fundi akaniambia.

Kwa hiyo watoto wote wakakae mlangoni?

Ujenzi nimeusimamisha. Wazazi, kesho njooni na kamba. Kila mmoja avute chuma anachokitaka yeye.