Majivu ya Kila Asubuhi

Nilipanda Lushoto kumuuguza mama kwa mwezi mmoja. Huu ni msimu wa pili wa baridi, na bado niko hapa.

Mama aliteleza kwenye matuta ya kabichi akavunjika nyonga. Hospitali walimlaza wiki kadhaa, kisha wakamrudisha nyumbani na agizo kubwa kuliko yote: asipatwe na baridi. Mdogo wangu wa kiume ana mke, watoto na duka la vipuri vya pikipiki kule Mazinde. Mimi nilikuwa nimestaafu ualimu Muheza, mume sina, na wanangu wana maisha yao. Hakuna aliyeniuliza kama naweza. Nilikusanya nguo zangu, nikapanda.

Kitanda chake tulikiweka sebuleni kwa sababu ya meko. Marehemu baba alikuwa fundi mwashi, na miaka mingi alijenga nyumba za wamisionari. Alipojenga yake, akatia meko ukutani, na dohani ya mawe inayotokeza juu ya bati. Majirani waliokuwa wakiota moto jikoni kwenye mafiga walimcheka. Pembeni ya meko akapiga misumari mitatu na kutundika vyombo alivyofuliwa na mhunzi kutoka kwenye springi ya gari: koleo refu, chuma cha kuchochea chenye ncha iliyopinda, na beleshi dogo la kuzolea majivu. Utotoni hatukuruhusiwa kuvigusa. Sasa nikawa navishika mimi kutwa nzima.

Kila siku, kabla mama hajaamka, nilipiga magoti nikafukua makaa niliyoyafukia jana yake. Yakiwa bado mekundu, niliyavuta mbele kwa koleo, nikayawekea maganda ya msonobari, kisha vijiti, kisha kuni za mti wa mwati zilizopasuliwa nyembamba. Yakiwa yamekufa, nilianza upya na kiberiti. Halafu majivu: kuyazoa, kuyatia kwenye ndoo ya bati, kuyapeleka migombani, kurudi. Halafu uji, kumgeuza mama, kumsugua mgongo, kumbadilisha. Nikimaliza tu, moto umeshaanza kulegea. Muheza nilikaa zaidi ya miaka thelathini bila kuwasha moto wa kuota, kwa hiyo magoti yangu yalikuwa yameisahau kazi hiyo kabisa.

Mama alikuwa akiniangalia kutoka kitandani. Akina mama wa kanisani walipokuja kumwona, waliomba, wakaota moto, wakamsifu Mungu kwa kumpa binti. Mimi niliitikia amina huku nikihesabu kichwani vipande vya kuni vilivyobaki.

Mwezi wa saba manyunyu yalishika karibu wiki nzima. Ukungu uliingia mpaka ndani, na kuni zikalowa hata zile nilizozificha chini ya ukumbi wa nje. Mgongo ulikuwa unanikata, na kwa siku mbili sikuzoa majivu. Nilijua ni kosa. Asubuhi ya tatu moto haukutaka kushika. Majivu yalikuwa yamejaa hadi kwenye ukingo, hewa haipiti, kuni zinatoa povu na moshi tu. Badala ya kuyatoa, nilichukua kile chuma nikaanza kuchokoa kwa hasira. Nikachokoa mpaka gogo moja likaporomoka, likabingirika sakafuni na makaa yake, hatua mbili kutoka kwenye blanketi la mama.

Nililibana kwa koleo nikatoka nalo mbio, nikalitupa uani kwenye tope. Nikarudi, nikazoa makaa moja moja. Moshi ulikuwa umejaa, mama anakohoa. Nikafungua madirisha yote. Kisha nikakaa sakafuni.

"Umechoka," mama alisema.

"Sijachoka, mama."

"Umechoka. Uache moto uzime."

Nilimkumbusha maneno ya daktari. Akanijibu kwa Kishambaa, kama alivyozoea akitaka jambo liishe, kwamba daktari hayupo humu ndani, na kwamba nifunge madirisha nipande kitandani. Nikapanda, mwanamke wa miaka sitini na moja, na mikono yangu ya masizi. Miguu yake ilikuwa ya baridi kama mawe ya mtoni. Tulijifunika mablanketi matatu. Nilisema moyoni nitapumzika dakika kumi.

Niliamka saa tisa alasiri. Meko ilikuwa nyeusi, na mama alikuwa macho, akitazama dari. Nilipogusa shuka upande wake, lilikuwa limelowa.

"Kwa nini hukuniamsha?"

"Sikutaka," alisema, akageuzia uso ukutani.

Nilimbadilisha nguo na shuka. Kwa jinsi alivyokazana kuniinulia kiuno ili nisimnyanyue peke yangu, nilishindwa kuzuia machozi. Yeye alijifanya haoni. Nilipomaliza nikatoka ukumbini, nikampigia mdogo wangu simu. Kabla ya hapo kila alipopiga nilikuwa namjibu kwamba tunaendelea vizuri.

"Nimechoka," nikamwambia.

Akauliza atume nini.

"Usitume kitu. Njoo wewe."

Ijumaa alifika. Alimwamkia mama shikamoo, kisha mimi, akavua viatu, akakaa kwenye kigoda karibu na meko bila kujua aweke wapi mikono yake. Nilimwonyesha kila chombo na kazi yake, nikamwambia aanze na majivu. Sasa huja kila baada ya wiki mbili, na hulala siku tatu.

Asubuhi ya kwanza baada ya kufika kwake, nilikuwa chumba cha pili. Nilimsikia akiwasha moto, ukazima. Akawasha tena, ukazima. Mara ya tatu nikasikia koleo likianguka sakafuni, naye akinung'unika, na mama akimwelekeza kwa sauti ya chini. Nilivuta blanketi hadi masikioni. Sikuinuka.